Namna ya kumfundisha mgeni Kijava cha adabu

Jioni yangu ya tatu mjini Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, mama mwenye nyumba nilikopanga alinikuta barazani akaniuliza, "Sampun dhahar, Mas?" Umeshakula? Sentensi hiyo nilikuwa nimeikariri kwenye daftari, nikaona leo ndiyo leo. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani: "Sampun, Bu. Kula sampun dhahar." Tayari, mama, mimi nimeshakula. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Binti yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akainama mpaka uso ukapotelea nyuma ya ungo. Hakuna aliyenisahihisha. Ilipita wiki nzima ndipo nikaambiwa nilichokuwa nimesema. "Dhahar" ni kula kwa mtu unayemheshimu, na mimi nilikuwa nimejiheshimu mwenyewe mbele ya mkubwa wangu, sawa na kijana wa kwetu anayekutana na mzee njiani akaitikia "marahaba" kabla hajaamkia. Nilipaswa kusema "nedha".

Baadaye nikawa nakabidhiwa wanafunzi wapya niwafundishe: Watanzania na Wakenya waliokuja kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, na wageni wa nchi nyingine waliokuja kwa Darmasiswa, mpango unaowaleta vijana kujifunza lugha na sanaa tangu 1974. Wote walifika na Kiindonesia kidogo, na wote walidhani kinatosha. Chuoni kinatosha. Nyumbani kwa watu, kwenye Kijava, lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 60, hakitoshi. Haya hapa ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata, kwa yeyote aliyeachiwa kazi kama hiyo au anayetaka kumwelekeza mwalimu wake mwenyewe.

Kwanza picha nzima, kwa ufupi. Kijava kina maneno tofauti kwa jambo lilelile kutegemea unaongea na nani. Ngoko ni usemi wa kawaida, wa rafiki kwa rafiki, wa mkubwa kwa mdogo, na wa mtu anapojisemea kichwani. Krama ni usemi wa staha. Pembeni kuna maneno machache yanayoitwa krama inggil, ya kumpandisha mwenzako, na mengine machache zaidi ya krama andhap, ya kujishusha wewe. Utaratibu wote huo ndio unggah-ungguh. Vitabu vingi huuweka kwenye jedwali la safu nne siku ya kwanza. Mwanafunzi anakariri maneno mia, anatoka nje, jirani anamwambia "mangga pinarak" na yeye anaganda kama nguzo, kwa sababu hakuna jedwali linalosema hapo ameambiwa karibu ukae.

Hatua ya kwanza: mlangoni

Mpe maneno saba bila sarufi yoyote.

"Kula nuwun" ni hodi. Aliye ndani hujibu "Mangga", yaani karibu. Mwanafunzi Mswahili haelezwi zaidi ya hapo. Mjerumani atataka kujua kwa nini asimame nje akiita wakati mlango uko wazi, na hapo utahitaji nusu saa.

"Nuwun sewu" ni samahani ya kuanzia. Husemwa kabla ya kuuliza njia, kabla ya kumkatiza mtu, kabla ya karibu kila kitu. Maana yake ya neno kwa neno ni "naomba elfu". "Nyuwun pangapunten" ni msamaha wenyewe, wa mtu aliyekosa. "Matur nuwun" ni asante, na "nggih" ni ndiyo. "Ndherek langkung" ni naomba kupita, unapopita mbele ya watu waliokaa.

La saba ni "dalem". Mkubwa akikuita jina, huitikii "nini?" wala "ndiyo?", unaitikia "dalem". Ni labeka yetu, ni abee. Nimeona mwanafunzi mwenye krama mbovu kuliko wote darasani akipendwa na mtaa mzima kwa sababu ya neno hili moja, kwa kuwa alikuwa akiliitikia haraka na kwa sauti ya chini hata anapoitwa kutoka chooni.

Maneno haya hayafundishwi mtu akiwa amekaa. Mimi huweka viti viwili vinatazamana, nakalisha watu wawili waongee, halafu namwambia mwanafunzi apite katikati. Ainame kidogo kuanzia mabegani, mkono wa kulia uteremke mbele kama anayepasua maji, hatua ziwe fupi, na "ndherek langkung" itoke wakati anapita, si kabla wala baada. Mara ya kwanza wengi huinama kama wanaookota shilingi. Mara ya sita inakaa. Hapohapo namwonyesha na mengine ya mwili: kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia, na kuelekeza kwa kidole gumba huku vingine vimekunjwa, badala ya kumnyooshea mtu kidole cha shahada. Krama safi yenye kidole cha shahada kilichonyooka bado ni ukosefu wa adabu.

Na "sugeng enjing", habari za asubuhi? Mfundishe, lakini mwambie ukweli kwamba hiyo ni zaidi ya mshereheshaji na mwalimu mbele ya darasa. Barabarani watu huambiana "Mangga, Bu" wakipishana, au huulizana "Badhe tindak pundi?", unakwenda wapi. Swali hilo si upelelezi. "Badhe dhateng peken", naenda sokoni, inatosha hata kama huendi sokoni.

Hatua ya pili: ulimi

Hapa pita haraka, ila usiruke.

A inayomalizia neno, na mara nyingi ile inayoitangulia, hutamkwa kama o pana. "Kula" husikika "kulo", "mangga" husikika "monggo". Waswahili wana kicheko chao hapa, kwa sababu "kula" kwa Kijava ni "mimi", na "sare" ni kulala usingizi. Wakishacheka hawasahau tena. Lakini "loro" yenye o halisi ni mbili, na "lara" inayotamkwa kwa ile o pana ni kuumwa. Masikio lazima yazitenganishe.

Ng ya maandishi yao ni ng' ya ng'ombe, na ngg ndiyo ng ya ngoma. Kwa hiyo ngoko ni "ng'oko", na "nggih" huanza kama ngoma inavyoanza. Msomaji wa Kiswahili anapata bure kitu ambacho Mzungu hukitolea jasho mwezi mzima.

Mtego wetu uko kwenye dh na th. "Dhahar" haina dh ya dhahabu. Ni d inayotamkwa ncha ya ulimi ikiwa imerudi nyuma ya ufizi, wakati d ya kawaida hugusa meno. "Wedi" ni kuogopa, "wedhi" ni mchanga. Mtu wa Mvita, ambaye kwao t ya meno na t ya ufizi ni sauti mbili, hulipata hili mapema kuliko sisi wa bara.

Hatua ya tatu: amwiteje mtu

"Wewe" ziko tatu za kuanzia: kowe, sampeyan, panjenengan. Kanuni yangu ni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutamka "kowe" miezi mitatu ya kwanza. Hata "panjenengan" hahitaji kuitumia sana, kwani Wajava wenyewe huikwepa "wewe" kila wanapoweza na kuweka jina la heshima mahali pake. "Bapak badhe tindak pundi?" anaambiwa huyohuyo Bapak.

Kwa hiyo fundisha Pak, Bu, Mas, Mbak na Mbah. Mwanamume mzima ni Pak, mwanamke mzima ni Bu, kijana wa kiume ni Mas, wa kike ni Mbak, na mzee au bibi kizee ni Mbah. Dereva wa becak, yule wa baiskeli ya magurudumu matatu, ni Pak. Muuza chai mwenye umri wako ni Mas. Ukiwa na shaka, pandisha. Isipokuwa msichana wa miaka 22 anayekuuzia vocha: mwite Bu uone uso utakavyobadilika.

Kuhusu sampeyan, mwambie mwanafunzi kwamba neno hilohilo ndilo krama inggil ya mguu. Mjini Surabaya linatosha kabisa kwa mtu mzima unayemheshimu. Yogyakarta na Solo, kwa mzee, tumia panjenengan. Wanafunzi wakihama mji hulalamika kwamba nimewadanganya, kwa hiyo siku hizi nawaambia mapema. Huko Banyumas, ambako a ya mwisho hubaki a, watasikia hata "apa" ikitamkwa kama ilivyoandikwa, na usemi wa waziwazi ambao mtu wa Solo huuona mkali.

Hatua ya nne: maswali mawili

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoangukia barazani.

Makosa karibu yote ya wageni hutokana na kudhani kwamba adabu ya Kijava ni ngazi moja inayopanda: chini ngoko, juu krama, na juu kabisa krama inggil. Akitaka adabu nyingi, anapanda mpaka juu na kumwaga kila kitu. Ndiyo maana anasema "kula dhahar". Mwondolee picha ya ngazi. Mpe maswali mawili ya kujiuliza kabla hajafungua mdomo.

La kwanza ni "Naongea na nani?" Jibu ndilo linaloamua ngoko au krama. Ukiwa na rafiki, imeshakuwa ni "wis", si ni "ora", nitafanya ni "arep", mimi ni "aku". Ukiwa na mtu wa kuheshimiwa, hayo yanakuwa "sampun", "boten", "badhe", "kula". Maneno haya madogo ndiyo yanayobeba sentensi, na mwanafunzi akiyashika anaweza kusema nusu ya mambo ya siku.

La pili ni "Namzungumzia nani?" Jibu la hili ndilo linaloamua krama inggil, na halitegemei la kwanza. Ukiwa na rafiki yako kijiweni mnapiga ngoko, ukamtaja baba yako kwamba amelala, unasema "Bapakku wis sare." "Wis" ni ya rafiki, "sare" ni ya baba. Ukiwa mbele ya mwalimu mkuu ukamtaja mdogo wako, unasema "Adhik kula sampun tilem." "Sampun" ni ya mwalimu, na "tilem" ni ya mdogo wako, asiyepandishwa popote.

Kwa kuanzia, maneno tisa tu yanatosha. Yaandike ukutani, ngoko kwanza, krama katikati, krama inggil mwisho:

kula chakula: mangan, nedha, dhahar
kulala: turu, tilem, sare
kwenda: lunga, késah, tindak
kuja: teka, dhateng, rawuh
kurudi nyumbani: mulih, wangsul, kondur
nyumba: omah, griya, dalem
jina: jeneng, nami, asma
kuumwa: lara, sakit, gerah
kufa: mati, pejah, séda

Safu ya mwisho piga mstari mwekundu, uandike juu yake kwa herufi kubwa: SI YANGU. Mtu akikuuliza "Asmanipun sinten?", jina lako nani, jibu ni "Nami kula Juma." Akikuuliza "Dalemipun pundi?", nyumba yako iko wapi, jibu linaanza na "griya kula". Swali linakuja limekupandisha, jibu linakwenda limeshuka. Mgeni aliyezoea lugha ambamo jibu hurudia neno la swali ataendelea kurudia, na usichoke kumzuia.

Zoezi ninalolitegemea ni la viti vitatu. Cha kwanza nakiweka kofia ya blangkon, hicho ni cha mzee. Cha pili ni cha rafiki. Cha tatu kina mdoli, hicho ni cha mdogo wako. Mwanafunzi anachukua karatasi yenye kitenzi, tuseme kulala. Mimi nasema, "Mwambie rafiki habari za mzee." Anakigeukia kiti cha pili, anaonyesha cha kwanza kwa kidole gumba, anasema "Simbah wis sare." Nasema, "Mwambie mzee habari zako." Anageuka: "Kula badhe tilem." "Mwulize mzee habari zake." "Panjenengan sampun sare?" Hapo kwa kawaida mmoja anainua mkono kuuliza mzee aliyelala atajibuje, na darasa linavunjika. Vizuri. Rudia mpaka mwili ugeuke kabla ya neno kutoka.

Kosa la kuliwinda kwenye zoezi hili si lile langu la kujipandisha, kwani hilo husikika haraka. Liwinde lile la kumwambia rafiki "Bapakku wis turu". Mwanafunzi anajitetea kwamba yuko na rafiki, na ngoko ni sawa. Ngoko ni sawa, lakini baba hayumo humo. Sikio la Mjava linasikia mtoto ambaye hajalelewa, na wana msemo wao kwa mtoto wa namna hiyo: "durung Jawa", bado hajawa Mjava.

Viambishi navyo hubadilika. Di- ya ngoko huwa dipun- kwenye krama, -e huwa -ipun, -ake huwa -aken. Mwache avisikie tu kwanza, kama alivyovisikia kwenye "asmanipun". Mwezi wa pili utavirudia na ataona alikuwa navyo tayari.

Hatua ya tano: vinavyopanda na vinavyoshuka

Kuna vitenzi vya kati ya watu wawili ambavyo huangalia kitu kinaelekea wapi. Mimi nikimwambia mkubwa jambo, "kula matur". Mkubwa akiniambia, "ngendika". Nikienda kwake, "sowan". Yeye akija kwangu, "rawuh". Mama akinipa pesa, "Ibu maringi kula arta." Nikimpa mama maembe, "Kula nyaosi Ibu pelem."

Ukichanganya hapa, madhara yake ni makubwa kuliko mahali pengine popote. "Kula maringi Ibu pelem" inasikika kama nimemjalia mama maembe, kwa huruma zangu, kutoka mbinguni. Vifundishe kwa vitu vya mkononi: embe linakwenda, embe linarudi, kitenzi kinabadilika. Jozi hizi tatu zikishika, mengine yatakuja yenyewe.

Hatua ya sita: ngoko kwa masikio

Walimu wa huko hubishana kama mgeni aanze na ngoko au krama. Wa ngoko wana hoja: ndiyo mzizi, na viambishi vyote hujengwa juu yake. Lakini hata watoto wa Kijava hawaanzi na ngoko peke yake. Wazazi wengi huwa na "mbasakake", yaani humsemesha mtoto mdogo kwa maneno ya heshima ambayo yeye ndiye anapaswa kuyatumia kwa wakubwa. Mama humwuliza mtoto wa miaka miwili kama "sampun dhahar", kwa niaba ya adabu ya baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba mdomo wa mgeni uanze na krama, na masikio yaanze na ngoko. Mgeni mzima hukutana na wenye nyumba, wazee, wauzaji na makarani. Kwa hao krama yenye makosa husamehewa, ila ngoko iliyonyooka huuma. Wao lakini wakimzoea watamsemesha ngoko, kwa kuwa ni mdogo wao, na asiposikia atabaki kutabasamu tu. Kwa hiyo mwalimu ongea ngoko darasani, mwanafunzi ajibu krama. Ndivyo maisha yalivyo.

Mwonye tu asije akadhani ngoko ni lugha chafu. Ngoko ni ukaribu. Mwenzake wa chumbani akishaanza kumwambia "kowe" na yeye aking'ang'ania "panjenengan", mwenzake ataanza kujiuliza amemkosea nini. Mlango wa ngoko hufunguliwa na mkubwa au na rafiki. Mgeni anausubiri, halafu anaingia.

Sokoni kuna usemi wa katikati, madya, ambao maneno yake yamekatwa ncha. "Niki pinten, Bu?", hii bei gani, ndiyo sentensi ya kuokoa maisha. Na ajifunze namba za krama zinazotofautiana na ngoko: setunggal, kalih, tiga, sekawan, gangsal, na sedasa kwa kumi. Sita hadi tisa hazibadiliki, Mungu ni mwema.

Hatua ya saba: kukubali, kukataa na kikombe cha chai

Nimewahi kumwambia fundi aje Jumatatu. Akasema "nggih". Jumatatu hakuja. Jumanne nikamkumbusha, akasema "nggih, nggih". Wajava wenyewe wana msemo wa kutaniana kuhusu hili, "inggih-inggih boten kepanggih", ndiyo nyingi na kuonekana haonekani. "Nggih" mara nyingi maana yake ni nimekusikia. Mfundishe mwanafunzi kuuliza swali la pili: saa ngapi, na nani, nije nikuchukue? Jibu la swali la pili ndilo la kuaminika.

"Boten" kavu, kwa mtu anayekukaribisha, ni mlango uliobamizwa. Wana "dereng", na sisi tuna "bado". Ukiulizwa "Sampun krama?" usishtuke kwamba ni swali la lugha; neno hilohilo krama ni kuoa na kuolewa. Hata kama huna mpango wa ndoa maisha yako yote, jibu ni "Dereng." Mgeni wa Ulaya atataka kueleza falsafa yake. Mwambie aseme "dereng" na anywe chai.

Na chai yenyewe ina utaratibu. Italetwa, itawekwa mbele yako, haiguswi. Mazungumzo yataendelea, itapoa. Mpaka mwenyeji aseme "Mangga dipun unjuk", karibu unywe. Mimi nilimaliza glasi mbili kabla ya kuambiwa, nikafikiri mama ana haraka ya kuongeza. Na jirani akikuambia "mampir!" ukipita, pitia kidogo, hiyo kwa kawaida ni salamu. Jibu "Nggih, matur nuwun" huku miguu ikiendelea. Akirudia mara ya tatu na kusogeza kiti, hapo ni mwaliko.

Swali ambalo lazima litaulizwa

Kama wiki ya nne, mmoja atakunja daftari na kusema hizi ngazi ni ubwana na utwana. Usikasirike, na usimjibu kwa ushairi wa utamaduni. Mweleze historia. Usemi huu ulistawi sana katika enzi za ufalme wa Mataram, na baada ya mkataba wa Giyanti wa 1755 kuugawa kati ya Surakarta, ndiyo Solo, na Yogyakarta, miji hiyo miwili ikabaki kuwa kipimo cha Kijava fasaha. Na Wajava wenyewe waliuliza swali lake zamani. Mwaka 1917 mjini Surabaya lilianza vuguvugu la Djawa Dwipa, lililotaka krama itupwe na kila mtu amsemeshe kila mtu ngoko. Halikufika mbali. Mwaka 1928 vijana waliapa kukienzi Kiindonesia, kilichotokana na Kimalei, kuwa lugha ya umoja, lugha ambayo mtu anaweza kuizungumza bila kupima kwanza cheo cha mwenzake.

Hata leo vijana wengi wa mjini wakiona krama inawashinda hukimbilia Kiindonesia kwa wazee, kwa kuogopa kukosea. Kwa hiyo mgeni naye ana haki ya kukimbilia huko. Mpe sentensi ya kutokea: "Nuwun sewu, kula dereng saged basa", samahani, sijaweza bado kuzungumza krama. Humo "basa", lugha, maana yake ni krama yenyewe, kana kwamba ngoko si lugha. Akishaisema, aendelee kwa Kiindonesia. Ameshaheshimu, na hakuna atakayemdai zaidi.

Kuhusu kusahihisha

Wenyeji hawatamsahihisha. Watasema "Wah, pinter!", una akili kweli, hata kama amejizika mwenyewe kwa "séda". Ndiyo maana unahitaji mtu mmoja aliyepewa ruhusa, kwa kawaida binti au kijana wa nyumba ile, kwa makubaliano: kila akisikia neno la safu nyekundu likitumika kwa "kula", agonge meza mara moja. Asieleze. Mwanafunzi atajitafutia kosa lake. Kwangu alikuwa yule binti wa vitunguu, na aligonga ungo.

Usisahihishe matamshi na ngazi kwa wakati mmoja. Ngazi kwanza. Lafudhi ya kigeni haimuudhi mtu.

Dalili kwamba mambo yanakwenda ni ndogo na huenda usiione. Mwanzoni mwenye nyumba hujibu krama ya mgeni kwa Kiindonesia, kwa huruma. Siku moja anajibu kwa Kijava, na anasahau kwamba amefanya hivyo.

La mwisho: kuaga

Wengi hufundisha kuingia wakasahau kutoka. Mgeni anasimama, anasema asante, anaondoka, na nyuma yake watu wanatazamana. Kuaga kunaanza umekaa. Kwanza unasema umekaa sana. Unazuiwa: mbona mapema? Unakaa dakika tano. Kisha, "Nuwun sewu, kula nyuwun pamit", naomba kuaga. Unasimama, na wao wanasimama. Mlangoni unarudia, umeinama kidogo, mkono wa kulia. Kwenye geti unageuka mara moja zaidi na kusema "Mangga".

Wapeleke wanafunzi kwenye nyumba halisi kwa zoezi hili, mmoja mmoja, wewe ubaki nje ya geti usiwaone. Sikiliza tu. Mwenyeji akisema "Nggih, ngatos-atos", haya, mwende kwa uangalifu, na mwanafunzi asijibu chochote zaidi ya "nggih", amefika.